Siku Mwajuma Alipofanya Israfu

Ukimwuliza mtu yeyote wa Kwemkuyu maana ya neno israfu, hatahangaika na maelezo. Atanyoosha kidole ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba ya bati jekundu yenye mparachichi mlangoni, akuambie, "Nenda kamsalimie yule mama, kisha umwage maji mbele yake." Ukirudi hapo utakuwa na maana yote pamoja na mifano.

Mwenye nyumba ile ni Mwajuma binti Singano, mjane, mkulima wa karoti na kabichi. Mbele yake anaitwa Mama Zakia. Nyuma yake anaitwa Mama Israfu. Jina hilo analijua na wala halimuudhi. Kinachomuudhi ni mtu mmoja kuwa na majina mawili wakati moja lingetosha.

Neno lenyewe hakulibuni yeye. Limo vitabuni, na kila mtu hulisikia mara moja moja kwenye hotuba ya Ijumaa, shehe anapokemea matumizi ya kupita kiasi, na kila mtu hulisahau anapotafuta viatu vyake mlangoni. Mwajuma hakulisahau. Alilibeba akaenda nalo shambani na jikoni. Kijiko cha pili cha sukari ni israfu. Kuwasha kiberiti wakati kwa jirani kuna moto ni israfu. Kumenya kabichi majani ya nje mpaka ikabaki kama ngumi, israfu, tena ya kusudi. Masika yakizidi na matuta ya watu yakianza kuteremka bondeni, husimama mlangoni akaitazama mvua kwa masikitiko na kusema, "Sasa hii nayo ni israfu." Kisha huomba toba haraka, kwa sababu anajua mvua ni ya nani.

Shangazi yake alipozimia mara mbili kwenye mazishi, Mwajuma alimwinamia akamwambia kwa upole kwamba mara moja ilitosha, watu wameona. Jirani zake wa karibu ni Walutheri, Nathanaeli na mkewe Rahabu, na siku moja walimkaribisha uji. Nathanaeli akauombea uji ule mpaka ukaota ngozi juu. Mwajuma alingoja kwa adabu, akaitikia amina, ndipo akasema, "Shemeji, sala ni nzuri. Lakini nusu yake ungeiweka ya kesho." Wakacheka wote isipokuwa yeye, maana hakuwa anatania.

Salamu peke yake hakuipima. Njiani kwenda mtoni kuosha karoti, gunia kichwani, husimama na kila anayekutana naye. "Onga mshi," ataanza kwa salamu ya kilugha, kisha zifuate habari za watoto, za mbuzi, za mguu unaouma, mpaka gunia limchoshe shingo. Anasema salamu haipungui kwa kutolewa.

Neno lile alilipata kwa baba yake. Mwalimu Singano alikuwa akifundisha watoto Kurani, na kila alfajiri alikuwa akiteremka mtoni kutawadha pamoja na binti yake. Asubuhi moja binti alichota maji kwa viganja viwili, akajimwagia miguuni mara nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa raha tu ya kuyasikia. Baba akamwambia, "Israfu hiyo." Mtoto akautazama mto, uliokuwa umejaa mpaka kwenye magugu.

"Kwani mto utaisha, baba?"

"Mto hauishi. Mkono ndio unaozoea." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakupenda kuacha somo katikati, akaongeza, "Maji utakayokunywa si israfu, hata ukinywa mtungi mzima. Israfu ni haya yaliyokwenda chini bila kumfaa mtu."

Mwajuma aliishika sentensi ya kwanza. Ya pili ilipita, kama maneno ya wazazi yanavyopita, ikakaa mahali ikisubiri.

Mwalimu Singano alifariki Mwajuma akiwa bado binti mdogo, na siku ya arobaini ndipo lilipotokea jambo ambalo halikumtoka tena. Mama yake, kwa majonzi na kwa mapenzi, alikaa mwenyewe mbele ya sufuria akapakua wali bila kupima. Masinia ya kwanza yalitoka yamechongoka kama vichuguu. Watu wakala, wakamsifu marehemu, wakaongezewa. Ndipo wakafika wazee wa Vuga, waliosoma na marehemu, wametembea kwa miguu tangu asubuhi, vumbi mpaka magotini. Mama akatumbukiza sahani ya bati ndani ya sufuria, na sahani ikagonga chini. Akakwangua. Uwanja mzima ukanyamaza, na katika ule unyamavu bati likalia juu ya sufuria, kwaru, kwaru, kwaru, mama akitafuta wali ambao haukuwamo. Wazee wa Vuga walikunywa maji, wakamwombea marehemu dua, wakashukuru, wakageuza njia.

Hakuna aliyesema neno baya. Mama yake Mwajuma hakuonekana tena kwenye shughuli ya mtu mpaka naye alipokufa.

Ndiyo maana Mwajuma alipokua, akaolewa, akapata nguvu ya kukaa mbele ya moto, alijitolea kupakua. Huko Kwemkuyu kila shughuli ina mpishi, lakini kazi ya mpishi huisha wali unapoiva. Anayeibeba heshima ya mwenye shughuli ni mpakuaji. Yeye ndiye anayejua uwanjani kuna watu kiasi gani, njiani wanakuja kiasi gani, na sufuria lina nini. Mwajuma alikaa kwenye kigoda, sahani ya bati mkononi, akapakua kwenye harusi, kwenye maulidi na kwenye hitima za bonde zima. Wali wake kwenye sinia ulilala tambarare kama uwanja wa mpira. Nyama aliipanga pembeni, kila mlaji na yake, na mtu akituma sinia lirudi kuongezwa, aliliangalia sinia, akamwangalia aliyelileta, akasema neno lake moja. Sinia lilirudi kama lilivyokuja.

Chini ya mkono wake hakuna shughuli iliyowahi kupungukiwa. Hata wageni waliofika watu wakikunja mikeka walikuta chao. Wenye shughuli walimshukuru kwa machozi. Yeye mwenyewe alikula mwisho, ukoko wa chini ya sufuria, akisimama, kisha akaosha sahani yake akaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama ameshiba.

Basi Zakia akapata mchumba. Zakia ni mwanawe wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, aliyepangiwa kazi kule Mnazi, tambarare kwenye joto, na huko akakutana na kijana mkulima wa mpunga aliyeitwa Hassani. Mshenga akaja, akaketi, akasema alichotumwa, akapewa chai yenye kijiko kimoja. Mambo yakakubaliwa. Mwajuma alifurahi mpaka akaogopa, na alichoogopa kilikuwa hiki: mama wa bibi harusi haonekani jikoni. Siku ile kazi yake ni kukaa chumbani kwenye mkeka, amevaa vizuri, apokee mikono ya wageni. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, sufuria lingepakuliwa na mtu mwingine, na lingekuwa sufuria lake.

Mtu huyo alikuwa Salma, mke wa mdogo wake Idrisa. Salma ni mwema kupita kiasi, na hapo ndipo penye shida. Akiombwa chumvi anatoa na kopo. Mwajuma alimwona akilini ameketi kwenye kigoda, akiwajazia wa kwanza vichuguu huku akitabasamu, na watu wa Mnazi wakiwa wa mwisho, vumbi mpaka magotini, na bati likilia. Alilala na picha hiyo wiki kadhaa. Mwisho akaona liko jambo moja tu la kufanya, akamwita Idrisa.

"Ng'ombe mmoja atatutosha, dada," Idrisa alisema, maana yeye ndiye aliyesimamia shughuli.

"Ongeza mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kuliwa."

Idrisa akamtazama kuona kama anaumwa. "Na mchele?"

"Ongeza."

"Kiasi gani?"

"Mpaka uone haya."

"Dada, hii si itakuwa..."

"Idrisa," Mwajuma alisema, "ukilitamka neno hilo kabla mwanangu hajaolewa, utanitambua."

Hakumwambia mtu mwingine. Kutangaza chakula kabla hakijaiva ni majivuno. Akamwagiza Salma ajaze masinia bila hofu, Salma akadhani anajaribiwa, ikabidi aambiwe tena.

Siku ikafika na ukungu wake. Mpishi Hamisi alipanda kutoka Lushoto na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea, akayapanga nyuma ya nyumba juu ya mafiga. Kabla ya saa nne harufu ya pilau ilikuwa imevuka kijito. Watu wa Kwemkuyu waliinusa, wakatazamana majumbani mwao, wakaendelea kula walichokuwa wanakula. Harufu, walisema, hata Mama Israfu hawezi kuibana.

Ndoa ikafungwa baada ya sala ya adhuhuri. Hassani alijibu kwa sauti ya kusikika, shehe akaomba dua, vigelegele vikapanda mpaka kwenye misonobari. Wanaume wakaketi nje chini ya turubai, wanawake ndani na upenuni. Watu wa Mnazi walipewa mikeka ya mbele, wamejikunyata kwa baridi, hawakuzoea milima. Masinia yakaanza kutoka.

Chumbani, Mwajuma alikuwa amekaa kwenye mkeka na gauni jipya, anapokea mikono. "Hongera, Mama Zakia." "Ahsante, ahsante sana." "Mungu awape heri." "Amina." Mdomo ulikuwa na wageni, masikio yalikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa anangoja kusikia bati likigonga chini. Kila mkono alioupokea aliuona unamchelewesha kusikia.

Bati halikulia. Kupitia dirisha dogo la nyuma akaona kitu kingine. Akaona sinia linarudi. Lilikuwa limejaa kama lilivyotoka, isipokuwa pembeni palikuwa na vishimo vidogo, kama kuku amedonoa akafukuzwa. Likarudi la pili hivyo hivyo. Likarudi la watu wa Mnazi, nyama zote juu.

Mwajuma akasimama.

"Mama Zakia, kaa chini," shangazi yake akasema, yule wa kuzimia. "Mama wa bibi harusi haendi jikoni."

"Mama wa bibi harusi ana miguu," Mwajuma akasema, na kwa mlango wa nyuma akatoka.

Alimkuta Salma kwenye kigoda, sahani magotini, karibu kulia. "Dada, nimepakua kama ulivyoagiza. Nimejaza. Wanakula tonge mbili wananawa." Hamisi mpishi alikuwa amesimama pembeni na uso wa mtu anayetafuta njia ya kurudi Lushoto. Mwajuma alichota wali kwa vidole akala. Haukuwa na kosa. Akala nyama. Ilikuwa laini, imekolea tangawizi na kitunguu saumu, nyama ya shughuli iliyofanywa kwa moyo. Ilikuwa tamu mpaka akapandwa na hasira, maana sasa hapakuwa na wa kumlaumu.

"Wameikataa ndoa?" akauliza. "Kuna maneno?"

Rahabu alikuwa karoni, mikono kwenye povu, anaosha vyombo tangu asubuhi. Hakugeuka. "Hakuna maneno, Mama Zakia. Chakula hakina kosa."

"Basi kosa ni la nani?"

Rahabu akaifuta mikono kwenye kanga yake, mmoja kisha mwingine, kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. "Watu wamekula kwao."

"Wamekula kwao kabla ya kuja harusini?"

"Kabla ya kuja harusini kwako," Rahabu akasema.

Mwajuma hakuelewa, au alielewa akaomba asiwe ameelewa. Rahabu akamweleza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwenzake. Iliandikwa kwenye kundi la simu la harusi, lile ambalo mwenye harusi hakuwamo kwa sababu alisema bando ni israfu. Mtu aliwakumbusha wenzake wasije na njaa. Wengine wakaitikia kwamba hilo halihitaji kukumbushwa. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ni kama kubeba sweta ukienda kwenye baridi ya Magamba.

"Hata wewe?" Mwajuma akauliza.

"Viazi," Rahabu akasema, na macho yakamjaa machozi. "Viazi na maharage. Nathanaeli alisema tusije tukakuangukia hapa kwa njaa."

"Na watu wa Mnazi? Wao wananijuaje?"

"Mshenga aliwaambia. Walisimama njiani, Mlalo, wakala wali na kuku."

Iliuma. Sitaki kuipamba, iliuma vibaya. Miaka yote pale kwenye kigoda alijiona analinda watu wasiaibike. Haikumjia hata siku moja kwamba wale waliokuwa wakiondoka kwenye masinia yake tambarare, wakisema ahsante, tumeshiba, walikuwa wakienda kumalizia nyumbani. Mama yake aliaibika kwa sufuria tupu, uwanja mzima ukisikia. Yeye sasa alikuwa anaaibika kwa masufuria yaliyojaa, na uwanja mzima ulikuwa umejua kabla yake. Nje, watu walishaanza kutafuta viatu. Baada ya nusu saa wangekuwa wameaga kwa heshima, na wali wote ule ungelala, ungechacha, ungemwagwa kwenye shimo la taka. Neno lake lingekuwa limefika nyumbani kwake, limeketi kwenye mkeka wa mbele.

Hapo ndipo ilipomrudia sentensi ya pili ya baba yake, ile ya mtungi.

"Nipe hiyo sahani," akamwambia Salma.

Alitokea uwanjani na gauni lake jipya, sahani ya bati mkononi, na mazungumzo yakakatika kuanzia mikeka ya mbele mpaka ya nyuma. Aliyekuwa na kiatu kimoja alibaki na kimoja.

"Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari zenu." Wakaitikia chini chini. "Nimeambiwa mmekula makwenu."

Hakuna aliyemtazama. Mzee mmoja aliukagua mkeka kama mtu anayetaka kuununua.

"Mmefanya vizuri," Mwajuma akasema. "Mtu hujikinga na anachokijua. Miaka yote nimewapakulia chakula cha wenzangu nikakibana, kwa sababu niliogopa kiishe, na wengi wenu mliondoka hamkushiba mkanificha. Leo ni chakula changu, ni cha mwanangu. Sikukibana. Nawaomba mnisaidie kiishe."

Shehe, aliyekuwa amekwisha simama na fimbo yake, akaitazama sahani, akamtazama Mwajuma, akaketi tena na kukunja mikono ya kanzu. "Leta," akasema.

Sinia lililopakuliwa na mwenye shughuli kwa mkono wake halirudishwi. Hilo hata wasiomjua Mwajuma walilijua, na yeye alilijua kuliko wote. Akapakua. Alichonga vichuguu. Nyama hakuzipanga pembeni, alizimwaga juu. Mzee wa upande wa Hassani akainua kiganja kwa adabu.

"Mama, wallahi, sisi tumeshiba."

"Najua. Wali na kuku, Mlalo. Sogea."

Akasogea. Wakala. Mwanzo walikula kama watu wanaolipa faini, kisha utamu ukawazidi, kisha ukaanza ukaidi wa kawaida wa binadamu mbele ya nyama. Mtu akisema imetosha, Mwajuma alimjibu neno ambalo bonde lile halijawahi kulisikia kinywani mwake, "Haijatosha," na kumwongeza. Nathanaeli alilegeza mkanda, akafumba macho, akauombea wali kwa sentensi moja. Mwajuma akamshukuru. Rahabu aliacha vyombo, akaja kula mbele ya watu wote ili deni la viazi liishe. Shangazi alisema anajisikia kuzimia, na safari hii hakuambiwa kitu. Kilichobaki kilijazwa kwenye ndoo na mabakuli, kikapakiwa kwenye bodaboda, kikapelekewa wagonjwa na wazee wasioweza kushuka bondeni. Dereva mmoja alirudi kuchukua tena, akauliza kama aliyeolewa ni wa ukoo wa kifalme. Akaambiwa hapana, ni wa Mama Israfu, akacheka akidhani ni utani.

Baada ya sala ya alasiri uwanja ulikuwa umelala. Watu walijinyoosha kwenye mikeka, mikono juu ya matumbo. Gari la Mnazi lilipiga honi, kwa kuwa njia ni ndefu na milima haina haraka. Zakia akatoka, hina mpaka kwenye viwiko, akazunguka nyuma ya nyumba kumuaga mama yake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria la mwisho, gauni jipya limejaa masizi.

"Mama, umekula?"

Mwajuma ilibidi afikiri. Mpakuaji haulizwi. "Nitakula ukoko," akasema.

Zakia akamchukulia ile sahani ya bati mkononi. Akakusanya gauni lake la harusi kwa mkono mmoja, akainama ndani ya sufuria, na kabla mama yake hajamzuia, akakwangua.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Idrisa, aliyekuwa amesinzia kwenye gogo la kuni, alishtuka akasimama wima. Naye alikuwapo siku ile, mtoto wa kubebwa mgongoni, na mwili wake ulikumbuka kabla yeye hajakumbuka. Mwajuma aligeuka kutazama njia ya kuingilia uwanjani, aone nani amesimama pale na vumbi mpaka magotini.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na majirani zake tu, wamelala kwenye mikeka, wamekula mpaka wameshindwa kupanda kilima. Mmoja alikuwa anakoroma. Mwajuma alingoja aibu ije, akaingoja vizuri, na haikuja.

Zakia alipata sahani ya ukoko na kipande cha nyama kilichong'ang'ania chini. Akachuchumaa na hina yake, wakala pamoja, sahani moja. Honi ikalia tena. Zakia akajifuta vidole ainuke. Mama yake akachungulia ndani ya sufuria.

"Umeacha pale pembeni."

"Kidogo tu, mama. Gari linanisubiri."

"Kidogo ndiyo israfu yenyewe. Kwangua."

Zakia akacheka, akainama tena, akakwangua polepole, asiwaamshe watu.

"Kwa nguvu," Mwajuma akasema, na machozi sasa yalikuwa yanamtoka wazi wazi, hakuyapima. "Kwangua kwa nguvu, mwanangu. Wasikie mpaka Vuga."